Madurai si mji wa kupita mchana

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuongezee, na mahali pengine tupinge, yale yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa safari kuhusu mji wa Madurai, India Kusini. Msomaji alishauriwa atoke jiji la Chennai usiku, afike Madurai asubuhi, azunguke sokoni kwanza, aingie hekalu la Meenakshi mchana watu wakiwa wamepungua, na jioni apande basi kurudi. Akifanya hivyo atakuta mlango umefungwa. Hapa Tanga kuna familia nyingi zenye mtu aliyekwenda India Kusini kwa matibabu, na msindikizaji anapobakiwa na siku mbili tatu za kusubiri majibu ya vipimo, Madurai ni miongoni mwa miji anayoambiwa aione. Wengine hufika Madurai kwenyewe kwa ajili ya macho, kwa kuwa hospitali ya Aravind ilianzia huko mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11. Watu hawa hawana siku za kupoteza wala fedha za kuchezea. Wanastahili kuelezwa mambo kama yalivyo.

Kubwa kuliko yote ni saa. Hekalu hufunguliwa karibu saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa sita na nusu mchana. Hufunguliwa tena saa kumi jioni, na watu hutolewa karibu saa tatu na nusu au saa nne usiku. Katikati hapo hakuna kubembeleza, kwa kuwa kwa imani ya wenyewe huo ni wakati wa miungu kupumzika, na karibu mahekalu yote makubwa ya jimbo la Tamil Nadu yana desturi hiyo. Anayefika saa saba mchana atazunguka kuta kwa nje juani, atapiga picha ya mnara, kisha ataondoka akidhani ameiona Madurai. Siku za sikukuu saa hizi husogezwa, na katika mwezi wa Kitamil wa Margazhi, yaani katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, alfajiri milango hufunguliwa mapema zaidi. Usiku wa kuamkia siku ya ziara mwulize mtu wa mapokezi hotelini. Usitegemee karatasi ya mwaka jana.

Ndiyo maana tunasema kwa mkazo: lala Madurai usiku mmoja, na ukiweza miwili. Fika kabla ya adhuhuri, pumzika, ingia hekaluni kama saa kumi na moja jioni jua likiwa limelegea, kaa humo hadi usiku, kisha rudi alfajiri ya kesho yake. Mara hizo mbili hazifanani hata kidogo. Jioni mji mzima umo ndani: familia zimekaa kwenye ngazi za bwawa, watoto wanakimbizana kumbini, maua na ubani vimejaa hewani. Alfajiri utasikia nyayo na kengele, na mwanga huingia kutoka mashariki ambako mahekalu yote mawili ya ndani yameelekea.

Tunasema mawili kwa sababu humo ndani kuna miungu mikuu miwili. Meenakshi yuko upande wa kusini, na mumewe Sundareswarar, ambaye ni Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, kwa jina la Madurai, yuko upande wa kaskazini. Katika mji huu mke hutangulia: waumini humwabudu Meenakshi kwanza ndipo waende kwa mume, kwa sababu masimulizi yanamtambua kuwa malkia wa Madurai kabla hajaolewa. Kila usiku, karibu saa tatu, Sundareswarar huletwa kwa machela ya fedha hadi chumba cha Meenakshi, huku ngoma na zumari vikipigwa, wakalala pamoja hadi alfajiri. Msafara huo hupita kwenye njia za ndani ambako hata mgeni anaweza kusimama kando akaona. Hauchukui muda mrefu. Aliyekwisha panda basi la jioni ameukosa, na sisi tunauona kuwa ndio moyo wa ziara nzima.

Sasa tuseme lile ambalo waandishi wengi wa safari hulipita haraka kwa kuona haya. Asiyekuwa wa dini ya Kihindu haruhusiwi kuingia vyumba vya ndani kabisa vya ibada. Kuna mabango yanayosema hivyo, na Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras, katika tawi lake la Madurai, iliagiza mabango ya namna hiyo yawekwe mahekaluni ili asiye Mhindu asipite mlingoti wa bendera uliosimama mbele ya chumba kitakatifu. Kwa hiyo Mwislamu au Mkristo wa Tanga ataingia lango kuu, atatembea kwenye kumbi za nguzo, atakaa kandokando ya Bwawa la Yungiyungi la Dhahabu, ataona sanamu kubwa ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, na fahali wa mawe anayemtazama Shiva, atalipia tiketi ya Ukumbi wa Nguzo Elfu, na msafara wa usiku atauona. Lakini akifika kwenye bango asimame. Asijaribu kujipenyeza kwenye foleni kwa kuwa mtu fulani aliyekutana naye langoni amemwambia atampitisha kwa malipo kidogo. Mtu huyo akishapokea fedha hutoweka, na aibu hubaki kwa mgeni. Mbona hata sisi tuna sehemu za ibada ambazo hatupendi mtu aingie kwa udadisi tu? Yaliyo wazi kwa kila mtu yanatosha kumaliza saa tatu nzima.

Na tusidhani kwamba mpaka wa nani aingie umekuwa uleule siku zote. Hadi mwaka 1939 Wahindu wenyewe wa tabaka zilizodharauliwa walizuiwa hata malangoni. Tarehe 8 Julai mwaka huo A. Vaidyanatha Iyer, mwanasheria na mpigania uhuru wa huko, aliongoza kundi dogo la watu hao kuingia ndani kwa mara ya kwanza. Gandhi, ambaye alikuwa amekataa kuingia hekalu hilo maadamu wao wamefungiwa nje, aliingia mwaka 1946.

Kuhusu mavazi, wanaume wa kwetu hukosea kwa jambo moja la ajabu kidogo. Wanasikia kwamba Watamil huvaa nguo ya kujifunga kiunoni, wanafurahi, wanafungasha msuli. Msuli wa mirabamiraba kule ni vazi la nyumbani na la kazini, na langoni mwa hekalu huonekana kama utovu wa adabu. Nguo ya hekaluni ni veshti, nyeupe, yenye ukingo mwembamba wa rangi. Kikoi cheupe chenye pindo dogo kinaweza kukaribia, lakini rahisi zaidi ni suruali ndefu ya kawaida na shati lenye mikono. Kaptura haziruhusiwi. Mwanamke avae nguo inayofunika mabega na kupita magoti. Gauni refu na mtandio, au suti ya Kihindi yenye mtandio wake, havimpi mtu yeyote sababu ya kumrudisha. Kofia ivuliwe.

Simu haiingii. Katazo hili lilianza baada ya moto wa Februari 2018 uliounguza maduka yaliyokuwa ndani ya eneo la hekalu na kuharibu ukumbi wa kale ulio upande wa mashariki. Mahakama iliagiza simu zizuiwe, na ukaguzi langoni umekuwa mkali tangu hapo. Kamera pia hazipiti. Kuna sehemu ya kuhifadhi simu kwa malipo madogo, ila foleni yake jioni huwa ndefu, kwa hiyo bora uiache hotelini. Hapo ndipo watu wanapokwama: anuani ya hoteli imo ndani ya simu, namba ya mwenzake imo ndani ya simu, hata tiketi ya treni imo humo. Andika anuani na namba kwenye karatasi uiweke mfukoni. Wanaokwenda wawili au zaidi wakubaliane kabla ya kuingia wakutane wapi na saa ngapi wakipoteana, maana humo ndani watu hupoteana kila siku. Ngazi za bwawa ni mahali pazuri pa kukutania.

Viatu huachwa kibandani nje ya lango nawe unapewa kibati chenye namba. Tatizo si wizi, tatizo ni malango. Hekalu lina malango makuu manne, moja kila upande, na yote yana mnara mrefu wenye rangi zilezile. Mgeni huingia kusini, akazunguka kumbini saa mbili, akatokea magharibi bila kujua, kisha akaanza kutafuta kibanda chake peku barabarani. Kabla ya kuvua viatu, soma jina la mtaa ulipo: South Chithirai, East Chithirai na kadhalika. Ukishindwa kabisa, zunguka ukuta kwa nje huku ukuta ukiwa mkono wako wa kulia, na lazima utalifikia lango lako. Ndani pia mwendo ni huohuo, kitu kitakatifu kikae kuliani. Mawe ya uani saa tano asubuhi, na hata saa kumi jioni milango inapofunguliwa, huwa yamepata moto wa kuunguza nyayo. Mzee au mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imepungua hisia asitembee peku juani hata hatua chache, kwa kuwa anaweza kuungua asijue. Avae soksi nene na asubiri hadi saa kumi na mbili jioni.

Turudi kwenye minara, kwa sababu ndiyo inayowachanganya hata watu waliozoea kuona mahekalu ya Kihindu. Wahindi wengi wa pwani yetu asili yao ni Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, na kwa mtindo wa huko kilele kirefu hukaa juu ya chumba cha mungu mwenyewe. Kusini pia ilikuwa hivyo zamani: hekalu kubwa la Thanjavur, lililokamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja Chola, lina mnara mrefu juu ya chumba kitakatifu. Karne zilizofuata mambo yakageuka. Chumba cha ndani kikabaki kifupi, malango ndiyo yakapandishwa. Mnara wa lango huitwa gopura. Hekalu la Madurai lina gopura 14, na ule wa kusini, uliojengwa mwaka 1559, una urefu wa karibu mita 52. Wa mashariki ndio mkongwe zaidi, wa karne ya 13. Hata hivyo waumini wengi wanaoingia upande wa mashariki hawapiti chini yake. Hupitia Ukumbi wa Ashta Shakti, ulio sambamba na njia ya Meenakshi. Kuna paa mbili ndogo za dhahabu katikati ya eneo, na hizo ndizo zilizo juu ya vyumba vya Meenakshi na Sundareswarar. Mgeni anayetazama minara mirefu tu huwa anautazama mlango, na chenye kufunguliwa na mlango huo hakioni.

Minara hiyo haikujengwa kwa mawe kutoka chini hadi juu. Kitako ni cha mawe magumu, na ghorofa za juu ni matofali yaliyopigwa lipu ya chokaa, kisha sanamu zikafinyangwa kwa chokaa hiyohiyo na kupakwa rangi. Sababu ni uzito: mnara wa mita 50 wa mawe matupu ungeielemea nguzo ya lango. Lakini chokaa ina masharti yake, nasi wa pwani ya Tongoni, penye magofu ya kale, tunayajua. Jua huipasua, mvua huingia kwenye ufa, ndege hudondosha mbegu, mche unaota na mizizi yake inasukuma. Kwa hiyo desturi ni kukarabati na kupaka rangi upya kila baada ya miaka kama 12, kisha kufanya ibada kubwa ya kumwagia maji matakatifu kwenye vilele, kama ilivyofanyika Madurai Aprili 2009. Kabla ya ibada hiyo minara hufunikwa kwa jukwaa la miti na makuti au vitambaa, wakati mwingine kwa miezi mingi, na hutaona sanamu hata moja. Rangi kali ambazo baadhi ya wageni huzibeza kuwa ni za kisasa mno ndizo zinazoilinda lipu. Anayetaka minara ikae ya kijivu ili ionekane ya kale anaomba ianguke.

Ukumbi wa Nguzo Elfu una nguzo 985. Ulijengwa mwaka 1569 na Ariyanatha Mudaliar, waziri wa watawala wa Nayak, na sasa ni makumbusho. Simama kwenye njia ya katikati utazame nguzo zinavyojipanga mstari mmoja kila unapogeuza macho. Nje yake kuna nguzo zinazotoa sauti tofauti zikigongwa. Usizigonge kwa jiwe wala sarafu, kwani zimelika vya kutosha.

Mji wenyewe umezaliwa na hekalu, na kuujua mpangilio wake kunaokoa nauli. Mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, aliyezoea barabara zinazohesabiwa kwa namba hatapata shida: Madurai ya kale ni miraba ndani ya miraba, kila mraba una mitaa minne yenye jina moja, tofauti ni mashariki, magharibi, kaskazini au kusini. Majina ni ya miezi ya Kitamil. Mraba ulio ndani ya ukuta wa hekalu ni Adi. Unaofuata nje ya ukuta ni Chithirai, kisha Avani Moola, kisha Masi. Wa nje kabisa huitwa Veli, na huo unafuata mstari wa ngome ya zamani iliyobomolewa wakati wa Waingereza katika karne ya 19. Ukipotea, tafuta kibao. Jina la mwezi litakuambia uko umbali gani na hekalu, na upande utakuambia mnara upi uko mbele yako. Mitaa hii ipo kwa ajili ya misafara ya sikukuu. Inasimuliwa kwamba mtawala Tirumalai Nayak, aliyetawala kuanzia 1623 hadi 1659, aliihamisha sikukuu ya ndoa ya Meenakshi kutoka mwezi wa Masi kwenda Chithirai ili iungane na sikukuu ya Alagar, mungu wa watu wa vijijini. Ndiyo maana hadi leo gari kubwa la miungu huvutwa kwa kamba kwenye mitaa ya Masi ingawa sikukuu inaitwa ya Chithirai.

Sikukuu hiyo huangukia Aprili au Mei. Ni ya fahari kubwa, lakini hatumshauri mtu mwenye mgonjwa aende wakati huo. Joto huweza kupita nyuzi 40, vyumba vyote hujaa, na siku ya mbalamwezi kamili, Alagar anapoingizwa mto Vaigai juu ya farasi wa dhahabu, umati kandokando ya mto huwa wa kusukumana kwa hatari. Miezi mizuri kwa hali ya hewa ni Desemba hadi Februari, ila nayo ina lake: kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari mahujaji wanaokwenda Sabarimala, katika jimbo la Kerala, hupitia Madurai kwa makundi, wamevaa nyeusi au buluu, na foleni hurefuka sana. Oktoba na Novemba ni mvua za kaskazini mashariki. Tukiulizwa tuchague, tutasema nusu ya pili ya Januari hadi mwisho wa Februari. Kipindi hicho kwenye mbalamwezi ya mwezi wa Kitamil wa Thai kuna sikukuu ya kuelea, ambapo miungu huzungushwa kwa chelezo lenye taa kwenye bwawa kubwa la Mariamman, kilomita chache mashariki ya hekalu. Bwawa hilo alilichimba huyohuyo Tirumalai Nayak.

Ukurasa wenu ulisema treni ni ya usumbufu, basi ni afadhali. Sisi tunaona kinyume chake, hasa kwa mzee au mgonjwa. Kutoka Chennai hadi Madurai ni karibu kilomita 490 kwa reli. Treni ya Pandian Express husafiri usiku na kukufikisha asubuhi, Vaigai Express huenda mchana, na zipo za kasi zaidi. Kituo cha Madurai kiko kama kilomita moja magharibi ya hekalu, na kati yake na hekalu, hasa mtaa wa West Perumal Maistry, kuna hoteli za kila bei. Vituo vya mabasi makubwa viko pembeni ya mji na vinahitaji bajaji au basi jingine.

Makosa ya treni ni yaleyale kila mara. La kwanza ni kituo. Treni nyingi za kusini huanzia Chennai Egmore, si Chennai Central, na chache huanzia Tambaram, kusini mwa jiji. Kwenye tiketi Egmore huandikwa MS, Central MAS, na Madurai MDU, herufi zinazofanana kiasi cha kumpeleka mtu kituo kisicho chake. La pili ni saa. Tiketi hutumia saa 24, hivyo 21:40 ni saa tatu na dakika arobaini usiku. Ikiandikwa 00:20 tarehe 12, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 12, uwe kituoni jioni ya tarehe 11. La tatu ni hali ya tiketi. WL ni orodha ya kungojea, na tiketi ya intaneti ikibaki WL hadi mwisho hujifuta na fedha kurudishwa. Usipande nayo. RAC inakuruhusu kupanda, ila mnakaa wawili kwenye kitanda kimoja. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na treni za mwisho wa juma hujaa mapema. Daraja la 3A lina vitanda vitatu kwenda juu na kiyoyozi, 2A lina vitanda viwili. Mwenye mgongo mbovu au aliyefanyiwa upasuaji aombe kitanda cha chini wakati wa kukata tiketi, kwani ndani ya treni atategemea huruma ya abiria mwenzake.

Hotelini utaombwa pasipoti na viza, na nakala zake, kwa sababu kila mwenye nyumba ya wageni anapaswa kutoa taarifa ya mgeni kutoka nje ya nchi. Nyumba nyingine ndogo hukataa wageni wa nje ili kuepuka kazi hiyo. Si ubaguzi, lakini ukifika saa tano usiku bila kuweka nafasi utaumia. Uliza pia kama siku yao inahesabiwa saa 24 tangu ulipoingia au inaishia adhuhuri.

Noti kubwa kwa sasa ni ya rupia 500, kwa kuwa ile ya 2000 iliondolewa mwaka 2023. Wenyeji hulipa kwa simu hata kwa kikombe cha kahawa, lakini pesa za simu za kwetu hazifanyi kazi huko, kwa hiyo tembea na noti ndogo za viatu, bajaji na maji. Bajaji patana kabla hujapanda. Usitegemee maneno ya Kihindi ya kwenye filamu: huko lugha ni Kitamil, na Kiingereza kitakusaidia kuliko Kihindi. Mtu akikukaribisha bure kwenye paa la duka lake uone minara, jua utateremka kupitia ghorofa tatu za vinyago na mazulia. Mandhari ya juu ni kweli ni mazuri, na kukataa kununua si dhambi, ila useme mapema na kwa upole.

Wanawake wa Tanga watafurahi zaidi kwenye maua. Asumini ya Madurai inajulikana India nzima. Huchumwa alfajiri ikiwa bado imefumba na hufunuka jioni, hivyo nunua koja mchana lenye vikonyo vilivyofumba, si lililokwisha chanua. Huuzwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kwa jumla huuzwa kwa uzito. Desemba na Januari maua hupungua kwa baridi na bei hupanda sana. Koja la kupeleka hekaluni halinuswi kabla. Vitambaa vya pamba vya Sungudi, vilivyofungwa mafundo na kutiwa rangi, ni kazi ya jamii ya Wasaurashtra ambao asili yao ni Gujarat. Geuza kitambaa utazame: alama ya fundo la kweli hubaki na mkunjo mdogo na duara zake hazilingani kabisa, iliyochapwa kwa mashine ni bapa na imelingana kila mahali.

Mwislamu atapata msikiti wa Kazimar ndani ya mji wa kale, wa tangu karne ya 13, si mbali na kituo cha treni. Katikati ya karne ya 14 Madurai ilikuwa na masultani wake, na msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikaa huko na kuandika juu ya maradhi ya kuambukiza yaliyoua watu wengi. Kwa nusu siku iliyobaki kuna kasri la Tirumalai Nayak la mwaka 1636, ambalo sasa ni sehemu ndogo tu ya lilivyokuwa, na Makumbusho ya Gandhi ng'ambo ya mto Vaigai. Madurai ndiko Gandhi alikoacha nguo zake za kawaida tarehe 22 Septemba 1921 akaanza kuvaa kipande cha kiunoni kama maskini wa nchi yake. Tukilazimika kuacha kimoja, tungeacha kasri.

Ombi letu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wa safari uchapishe saa za kufunguliwa na kufungwa kwa saa za Kiswahili, pamoja na mahali mgeni anapokatazwa, kila mnapoandika juu ya nyumba ya ibada ya watu wengine. Na kwa wasindikizaji: tiketi ya kurudi Chennai ikatwe siku moja kamili kabla ya miadi ya daktari, kwa jina lilivyoandikwa kwenye pasipoti, kabla hata hujakata ya kwenda.

Wasomaji wako,
Ngamiani, Tanga